Ngoma za Chuka na Mdomo wa Bata

Ndugu zangu wa Magomeni,

Niko upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Naandika nimevaa sweta mbili, moja ya kuazima kwa mwenyeji wangu, na vidole bado vizito. Ni Julai. Najua hata huko nyumbani Dar es Salaam mnasema ni baridi, mmezima feni na alfajiri mnajitanda shuka. Huku ukungu unashuka hadi kwenye mabati ya nyumba na kukaa hapo mpaka saa nne, na mlima wenyewe, wenye mita 5,199, haujanionyesha hata ncha yake. Mnajua kilichonileta. Tumekulia chini ya spika za muziki wa dansi, na baadaye nikaanza kukusanya santuri za jazi za bendi kubwa za Wamarekani Count Basie na Duke Ellington. Rafiki zangu wa Nairobi waliniambia kwamba kama nataka kuelewa bendi kubwa inavyozungumza, nikawasikilize kwanza wapiga ngoma wa Chuka. Nimewasikiliza. Haya ndiyo niliyoyaona, niliyoyala na niliyoyasikia.

Jumatano na Alhamisi zilikuwa za barabara. Dar hadi Nairobi ni karibu kilomita 900, na njia mnaijua: Chalinze, Segera, Moshi, Arusha, Namanga. Nairobi hadi Embu ni kama 125 tu, lakini nchi inabadilika kila nusu saa. Mananasi ya Thika yanakwisha, unapita Makutano, halafu ghafla uko Mwea: majaruba ya mpunga pande zote mbili, yangeyange wanatembea kwa madaha, akina mama wameinama wakipandikiza miche na maji yanawafika magotini. Kilo ya mchele wa pishori niliuziwa kando ya barabara kwa shilingi 200. Shilingi moja ya huku ni kama ishirini za kwetu, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe: 4,000. Ni bei, lakini niliposikia harufu yake ikitoka kwenye sufuria ya mama lishe niliamini kwamba mchele wa Kyela umepata mwenzake.

Embu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Dar anaujua urefu huo mara tu anaposhuka kwenye matatu. Nilikula githeri kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, mahindi na maharage yaliyochemshwa kwa subira, na juu yake vipande vya parachichi. Sahani shilingi 80, chai 30. Chai yao huchemshwa pamoja na maziwa tangu mwanzo, inakuja nzito na ya moto wa kuunguza ulimi. Ni nzuri mno kwa baridi hii, ila usiku ule niliikumbuka chai yetu ya rangi yenye iliki, na vitumbua vya barazani. Salamu zao nazo si ndefu kama zetu. Mtu anakupa mkono, anaushika imara, anauliza habari mara moja, basi. Lakini mkono huo anaupeleka kwa kila aliyemo chumbani, hata kwa mtoto anayejifunza kutembea. Nilipomwamkia mama mwenyeji shikamoo, aliitika marahaba kwa furaha na kuwaita wajukuu waje wasikie.

Ijumaa tulikwenda juu ya mji kwa jamaa wa mwenyeji wangu. Chini kuna kahawa, ukipanda zaidi unakuta chai, kijani kibichi kilichokatwa sawasawa hadi mpaka wa msitu. Walikuwa wamekusanyika kwa shughuli ya ukoo, na kabla ya chakula mzee mmoja alisimama kubariki. Alisema sentensi moja kwa Kiembu. Wote wakaitikia neno moja, kwa sauti ya chini, pamoja. Akasema nyingine, wakaitikia neno lile lile. Sikuijua lugha, kwa hiyo masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine ila kusikiliza umbo lake. Sentensi zake zilitofautiana: moja ya maneno matatu, nyingine ndefu ya kuvuta pumzi. Jibu halikubadilika hata mara moja. Ndilo lililokuwa kipimo. Bila jibu lile, usingejua wapi baraka moja inaisha na nyingine inaanza.

Baada ya kula nilimuuliza, "Mzee, mbona unawangoja hivyo?" Akanijibu, "Mgeni wetu, nikisema kabla hawajaitikia, nitakuwa nimejibariki mwenyewe." Wasomi wa Kenya wameyashughulikia mambo haya kwa makini. Mwaka 1997 Profesa Ciarunji Chesaina alichapisha kitabu kizima kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, na mtu anayependa muziki hatakosa la kujifunza humo.

Usiku, chini ya blanketi, niliwaza jinsi jazi ya bendi kubwa ilivyojengwa juu ya kungojana huku. Blues ya kawaida ina vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, na vimegawanyika katika mistari mitatu. Katika kila mstari mwimbaji hutumia nusu ya kwanza, akaiacha nusu ya pili wazi, na ala ikamjibu humo. Nafasi ile ya wazi ni sehemu ya wimbo sawa na maneno. Huko New York katika miaka ya 1920, Don Redman alipokuwa akipanga muziki wa bendi ya Fletcher Henderson, aliligeuza jambo hilo kuwa mfumo: saksafoni na klarineti upande mmoja, tarumbeta na tromboni upande wa pili, kundi moja likisema na jingine likijibu. Bendi kubwa nyingi zilizofuata zilipita njia hiyo.

Jumamosi ndiyo siku niliyoisafiria. Embu hadi mji wa Meru ni kama kilomita 130, pungufu ya Dar hadi Morogoro, na Chuka iko katikati. Lakini msidhani ni safari ya kulala. Barabara inazunguka kiuno cha mlima, na kila mto unaotoka juu umejichimbia bonde lake. Gari linashuka, linavuka daraja, linapanda, masikio yanaziba na kuzibuka. Ukivuka mto Thuci umetoka Kaunti ya Embu, umeingia Tharaka-Nithi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru. Migomba inateremka hadi kwenye lami, na wauzaji wanakimbilia madirisha ya matatu na ndizi mbivu.

Huko Chuka tulialikwa harusi ambako wapiga ngoma wangetumbuiza, nayo ilikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Maturubai meupe, viti vya plastiki, spika kubwa za mshereheshaji zikipiga nyimbo za injili, kila kitu kama sherehe ya kwetu isipokuwa matope na makoti. Halafu spika zikazimwa, na wapiga ngoma wakaingia kwa mstari, wote wanaume, mabegani ngozi nyeusi na nyeupe za mbega. Ngoma ya Chuka haiwekwi chini na haipigwi kwa kuketi. Ni gogo refu lililotobolewa ndani, linalopungua unene kuelekea mkiani, na mdomoni limewambwa ngozi. Mpigaji huifunga kwa mkanda na kuibana katikati ya mapaja, mdomo mbele, mkia nyuma. Akiinama, ngoma inainama naye, akiruka, inaruka. Kiongozi, filimbi mdomoni, alipiga kauli fupi. Wenzake wakajibu wote kwa mpigo mmoja, na vikombe vilivyokuwa mezani kwetu vikatikisika kwenye visahani.

Watu walimtazama kiongozi, na alistahili kutazamwa: alizunguka, alichuchumaa, alimchokoza bibi harusi, aliwafuata watoto mpaka wakakimbia wakicheka. Mimi nilimchagua wa mwisho mstarini, mzee mwenye ngoma kubwa kuliko zote. Kazi yake kwa muda mrefu ilikuwa mapigo mawili tu, mazito, halafu kimya. Kiongozi alibadilisha kauli yake kila mara, mara fupi, mara ndefu, mara ya kusitasita. Wale wa katikati walijibu kwa mafungu. Mzee yule alibaki na mapigo yake mawili, mahali pale pale. Nikaanza kumhesabu yeye, na baada ya mizunguko michache nikajua duara la midundo lina urefu gani, linaanza wapi na linafungwa wapi. Kuanzia hapo kila alichofanya kiongozi kilinifikia kikiwa na maana, kwa kuwa nilijua amekifanya sehemu gani ya duara.

Ndipo nikaielewa filimbi. Kiongozi hakuipuliza alipokuwa akitoa wito. Aliipuliza juu ya jibu, wenzake wakiwa bado wanapiga, ili wakilimaliza tu waingie wote kwenye mtindo mpya bila kugongana. Ishara ilipita ndani ya kelele yao wenyewe. Hakuna karatasi, hakuna kuhesabu kwa sauti, na watu wale waligeuka pamoja kila mara. Muziki mwingi wa Basie wa miaka ya 1930, tangu Kansas City, ulitungwa vivyo hivyo, kwa kichwa na masikio. Mmoja anatupa kauli, safu yake inaidaka, safu nyingine inatafuta jibu, na Basie kutoka kwenye piano anatia noti chache za kuwaambia sasa tugeuke.

Wakati wa kutuza ulipofika, kwetu mnajua noti huenda wapi: kwenye paji la uso la mwimbaji. Hapa mama mzazi wa bibi harusi alimpita kiongozi, akawapita wale wa katikati, akatembea hadi mwisho wa mstari na kumtia mzee wa ngoma kubwa noti ya shilingi 200 mkononi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilimkuta baadaye mzee huyo akila mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja na majani ya maboga, na mchuzi wa nyama ya ng'ombe juu yake. Nikamwambia kwa heshima kwamba ngoma yake inasema machache sana. Akafuta mdomo. "Hao wengine wanasema," akanijibu. "Mimi nawaambia wamefika wapi."

Jumapili tuliondoka Chuka kabla ya jua, kwa gari la jamaa aliyekuwa akielekea Meru. Tuliteremka polepole hadi daraja la Nithi, ambako ajali zimechukua roho nyingi, na ndani ya gari wote walinyamaza mpaka tulipopanda upande wa pili. Tukaipita njia ya Chogoria, na kusini kidogo ya mji wa Meru tukavuka ikweta. Kuna bango, watu husimama kupiga picha. Mimi niliyezaliwa na kukulia nusu ya kusini ya dunia nilivuka kwenda kaskazini nikitetemeka kwa baridi, na waliniambia hii ndiyo Julai yao ya kila mwaka.

Wamethodisti walianza kazi Meru kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kanisa nililokwenda lilikuwa limejaa hadi nje. Kikundi cha akina mama kikasimama, wamevaa vilemba vya rangi moja, na kayamba mbili na ngoma moja ndogo. Wito na kiitikio tena, lakini wa namna nyingine kabisa. Kiongozi alianza mstari, na kabla hajaufikisha mwisho waitikiaji wakaingia juu yake. Kabla hao nao hawajamaliza, yeye akaingia tena. Hakukuwa na mwanya hata wa kupitisha pumzi. Nilijaribu kumsikiliza kiongozi peke yake nikamkosa nusu. Nilipoushika mstari wa waitikiaji, sauti yake ikasikika wazi ikielea juu yao. Jamaa wa Embu walijibu kwa kungoja. Akina mama hawa walijibu kwa kuwahi. Nilitoka nje nikiwa nimelowa machozi, na shosho, yaani bibi, aliyekuwa kando yangu, ambaye hatukuwa tumejuana, alinishika mkono mpaka getini.

Jumatatu nilishinda mjini. Meru ina baridi, ina kelele, ina biashara. Vifungu vya miraa vilivyofungwa kwa majani ya mgomba vinapakiwa kwenye pikapu mchana kweupe, na magari yanaondoka kwa kasi ya kuogofya kwa sababu zao hilo halingoji. Kwetu ukikamatwa nalo unafikishwa mahakamani. Huku limesomesha watoto na kujenga nyumba za mawe. Nilinunua majani ya chai, karanga za makadamia na mkanda wa ngozi, kisha nikapanda basi la kurudi Embu kwa mwenyeji wangu, nikaketi dirishani na kuvaa vipokea sauti vya masikioni.

Nilianza na "One O'Clock Jump" ya Count Basie, iliyorekodiwa mwaka 1937. Ni blues ile ile ya vipimo 12 inayorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa mtu asiyesikiliza kwa karibu ni mpangilio wa mabingwa wanaopokezana. Piano inaanza. Herschel Evans anaingia na saksafoni, kisha tromboni ya George Hunt, kisha saksafoni ya Lester Young, kisha tarumbeta ya Buck Clayton. Safari hii niliwaacha mabingwa, nikawasikiliza waliokuwa nyuma yao. Akipiga mtu wa saksafoni, wanaomwitikia ni watu wa tarumbeta na tromboni. Akipiga mtu wa tarumbeta au tromboni, saksafoni ndizo zinazoitikia. Kila anayesimama anajibiwa na upande wa pili, na vikauli vile vifupi vya nyuma, vinavyorudi bila kuchoka, ndivyo vinavyokuonyesha duara limefika wapi, sawa na mapigo mawili ya mzee wa Chuka. Mwishoni mabingwa wote wanarudi kwenye safu zao: saksafoni zina kauli yao, tromboni yao, tarumbeta yao, zote kwa wakati mmoja, zikipandiana jinsi akina mama wa Meru walivyopandiana. Hapo hakuna tena mwenye kuita na mwenye kuitika. Wimbo wote umekuwa kiitikio.

Halafu nikaweka Sikinde, na nawaambia, hamu ya nyumbani ilinishika koo. Bendi hiyo, Mlimani Park Orchestra, ilianzishwa mwaka 1978, nasi tumeisikia maisha yetu yote, lakini nilikuwa siijui hivi. Ile sehemu ya kwanza ya wimbo, mwimbaji anapoeleza kisa chake taratibu, tarumbeta na mdomo wa bata, yaani saksafoni, huingia kwenye mwanya wa kila mstari, zikimngoja kama wale jamaa wa Embu. Wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kucheza, mistari inakuwa mifupi, magitaa yanafumana, wapulizaji wanashika kikauli kimoja na kukirudia, na wachezaji wanajua wenyewe kwamba sasa ni zamu ya miguu. King Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz na kuwa nguzo ya Mlimani Park, alijua vema kazi ya wapulizaji ni nini.

Wala si ajabu. Tarumbeta zilitufikia kupitia bendi za majeshi ya kikoloni, na watu wa pwani hawakuziacha zipige machi peke yake. Walizitia kwenye beni, ngoma ya mashindano ambayo makundi ya Marini na Arinoti yalijibizana kwayo mtaa kwa mtaa. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, miaka mitano kabla ya santuri ile ya Basie. NUTA Jazz ya mwaka 1964 leo tunaiita Msondo Ngoma, na Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo. Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani walikwenda na desturi ya kuitikiana, ikakua huko mpaka ikaitwa jazi, ikarudi kwetu kwa santuri na kukuta ndugu yake hajahama.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu. Mkienda kusikiliza Msondo au Sikinde wiki hii, au mkiweka santuri ya Basie nyumbani, msimfuate mwimbaji wala mpiga solo kwa wimbo wa kwanza. Chagueni anayeitika, hata kama ana noti mbili tu, mkae naye mpaka mjue anarudi lini. Wimbo wote utawafungukia kutoka hapo. Na mtakapomaliza kutuza waimbaji, nendeni pia nyuma ya jukwaa mkawatuze wapulizaji, maana wao ndio walioushika wimbo, na kwa miaka mingi hatukuwaambia asante.